Furaha ya Kuwatazama Wazee Wakipiga

Liko swali ambalo limenisumbua tangu nilipostaafu, nami naona afadhali niliandike hata kama sitalimaliza. Tunapokwenda kuwatazama wanamuziki wazee, watu waliokwisha kupiga pamoja miaka thelathini au arobaini, ile furaha inayotujaa hutoka wapi? Ni muziki wenyewe, au ni ujana wetu tunaoulilia? Tena liko la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Je, ni haki kufurahi, ikiwa mzee yule yuko jukwaani usiku wa manane kwa kuwa hana kitu kingine cha kumlisha?

Nitoe mfano wa bendi ambayo watu wa umri wangu wote wanaijua. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Kijana asidhani kwamba neno jazz hapa lina maana ile ya Wamarekani. Kwetu lilikuwa na maana ya bendi ya magitaa, tarumbeta na saksafoni inayowachezesha watu: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Chama kilipobadilika, bendi nayo ikabadilishwa jina, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho ikabaki na jina la ngoma ya pwani, Msondo. Wapenzi wake huiita Baba ya Muziki. Nimesahihisha insha za walimu wanafunzi muda mrefu, na hiyo "baba ya" ilinikera miaka mingi, lakini nimekwisha kuiacha kama ilivyo. Liko kosa la sarufi ambalo likishaimbwa na nchi nzima halisahihishiki.

Sisi wa Bariadi tuliijua bendi hiyo kwa redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi katika studio yake, na nyimbo hizo ndizo tulizozisikia jioni, betri zikiwa bado na nguvu. Sahani za santuri zilikuwa zikitengenezwa Kenya, na sahani ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande, hata wimbo ukakatwa vipande viwili, cha kwanza huku na cha pili kule. Basi tulichokijua sisi kilikuwa kama picha ya mtu. Ni yeye, lakini hawezi kukugeukia.

Anayeujua muziki wa dansi ataelewa nasema nini. Wimbo huanza taratibu, mwimbaji akisimulia kisa chake: ndoa, deni, rafiki mnafiki. Baadaye hufika mahali panapoitwa chemko. Hapo maneno hupungua, gitaa la solo hushika njia, la ridhimu hulisukuma, besi hutembea chini yake, na tarumbeta na saksafoni huitikia kwa pamoja. Katika santuri chemko lina mwisho uliopangwa. Ukumbini halina. Litakwisha wakati wapigaji watakapoona wachezaji wametosheka, au watakapoona bado, wakaongeza. Kwa hiyo wimbo uleule, uliopigwa mara elfu, kila usiku huamuliwa upya mbele ya macho yako.

Nilikuja kuliona hilo kwa macho mwaka 2008. Nilikuwa nimekwenda Dar es Salaam kufuatilia mafao yangu, na katika ofisi moja nilizungushwa wiki mbili nikiambiwa jalada halionekani. Jumamosi ya pili mpwa wangu akanichukua kwenda kuwatazama Msondo. Muhidini Maalim Gurumo, aliyezaliwa mwaka 1940 na kuwamo katika bendi hiyo tangu enzi za NUTA, alikuwa na umri wa miaka 68. Alikuwa ameondoka mwaka 1978 kwenda kuunda Mlimani Park, yaani Sikinde, akapita pengine tena, kisha akarejea nyumbani. Solo lilikuwa mikononi mwa Said Mabera, mtu wa bendi hiyo tangu miaka ya 1970.

Mpwa wangu aliwatazama wakiketi na kuinuka polepole, akaniinamia sikioni. "Mjomba, hawa si wamechoka?"

Sikumjibu, kwa kuwa chemko lilikuwa limeanza. Mabera alishika kijisauti kimoja kidogo, akakirudia, akakirudia, mpaka nikadhani amesahau la kufanya. Ghafla saksafoni zikaingia mahali ambapo katika redio hazikuwahi kuingia, na watu wote ukumbini wakapiga kelele kwa pamoja. Wale wazee walitazamana wakacheka. Nasisitiza kucheka huko. Mtu anayekariri hacheki. Hucheka aliyeshtuliwa, na kumshtua mtu uliyepiga naye miaka thelathini si jambo dogo. Kama furaha yangu ingekuwa ya kumbukumbu tu, ingetimia pale waliponipa kile nilichokijua. Ilitimia waliponinyima.

Yako mambo ya namna hiyo hata mbali. Katika jiji la Chicago, Marekani, miaka ya 1960 lilitokea kundi la jazz ya huko linaloitwa Art Ensemble of Chicago. Baadhi yao walipaka nyuso zao rangi na kuvaa mavazi ya Kiafrika, wakipiga muziki ambao wengi waliuona kuwa kelele. Mwaka 2019 walitimiza miaka hamsini tangu walipoanza kutumia jina hilo, wenzao kadhaa wakiwa wamekwisha kufa, na Roscoe Mitchell, aliyezaliwa mwaka 1940 kama Gurumo, alikuwa bado anatafuta sauti mpya. Mcheza mbina wa Usukuma angewaelewa watu hao kuliko maprofesa wengi.

Maana kwetu jambo hili lina sheria yake. Baada ya mavuno, pamba ikishauzwa, Bagika na Bagalu hukutana uwanjani. Kila upande una ningi wake, yaani manju, na pande zote mbili hucheza wakati mmoja. Hakuna kusubiriana. Watazamaji huenda wanakovutiwa, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mzee hapewi watu kwa heshima ya mvi zake. Akirudia ya mwaka jana, atabaki na wajukuu zake. Ndiyo sababu wako mabaningi walioleta mazingaombwe, wengine nyoka, wengine nungunungu, na wengine neno moja tu lililowaumiza wapinzani mpaka msimu mwingine. Msondo na Sikinde walipopambanishwa siku za sikukuu, mimi niliona mbina tupu, ila iliyounganishwa na umeme.

Sasa nirudi kwenye haki. Mwaka 2013, Gurumo alipotangaza kustaafu, alisema kwamba miaka zaidi ya hamsini ya muziki haikumpatia hata gari. Kijana Diamond Platnumz akampa gari. Watu wengi walishangilia, nami nilifurahi kwa ajili ya mzee. Lakini furaha hiyo haikuwa ile ya mwaka 2008, na ni hatari kuzichanganya. Gari lile lilikuwa zawadi, na zawadi haifuti deni. Nchi iliyocheza kwa sauti yake nusu karne ilikuwa na deni kwake, kama ile ofisi ilivyokuwa na deni kwangu. Mimi jalada langu hatimaye lilionekana, kwa kuwa mwalimu alikuwa na jalada. Mwanamuziki hakuwa nalo. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Wako wanaosema kwamba kwa hiyo tusiwatazame wazee, tuwaache wapumzike, kwani kuwashangilia ni kuushangilia umaskini wao. Sikubaliani nao, ingawa nawaheshimu. Huruma ya namna hiyo humwondoa mzee uwanjani kabla watazamaji hawajaamua. Alipwe haki yake kwanza, asimame jukwaani kwa hiari, halafu apimwe kama anavyopimwa kijana. Akishindwa, watu waondoke.

Yuko ningi mmoja katika kijiji cha jirani, rika langu. Msimu uliopita wapinzani walimletea vijana wenye vipaza sauti, na kufika saa kumi nusu ya watu wake walikuwa wamehama. Niliogopa kwenda kumsalimu, nikifikiri nitamkuta ameinamisha kichwa. Nilimkuta chini ya mwembe na kijana wake mpiga ngoma, akimpigapiga kiganja cha mkono kumwonyesha mahali papya pa kunyamaza.