Jicho Lisiloona Nia

Hakuna asiyejua kuwa jicho huona kitendo, wala halioni nia. Twalisema hili kwa sababu leo kompyuta zafunzwa kutambua matendo ya watu katika video. Mwaka 2004 wataalamu wa Stockholm, Uswidi, walitumia video za watu 25 wakifanya vitendo 6, kama kutembea, kupunga mikono na kupiga makofi. Kufikia 2017 mkusanyo uitwao Kinetics ulikuwa na vitendo 400.

Elimu hii ina manufaa: mzee aangukaye akiwa peke yake aweza kupatiwa msaada upesi. Lakini kompyuta hupima umbo na mwendo tu. Pengine huona maji ya bwawa, ikasema mtu aogelea. Je, mkono ulioinuliwa wataka kupiga, au kumkinga mtoto?

Sheria ya Ufaransa ya 2023, iliyoruhusu kamera za namna hii kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 2024, iliweka sharti jema: ishara ya mashine pekee isiwe sababu ya kumshitaki mtu.

Nasi twasema: ishara ni mwanzo wa kuuliza, si mwisho wa hukumu. Amhukumuye mwenziwe bila kumsikiliza amedhulumu, na kuisingizia mashine hakumwondolei dhuluma hiyo.