Spika Imelainika, au Sikio?

Anayenunua spika za bei kubwa huambiwa aziache zipige siku kadhaa kabla ya kuzihukumu: sauti bado kavu, italainika. Siku zinapita, naye anaapa kwamba kweli imelainika. Hadanganyi. Lakini ni kipi kilicholainika?

Spika nayo ina sehemu yake. Ule ukingo wa mpira au kitambaa unaoshikilia koni hulegea kidogo ukianza kutikisika. Msikilizaji naye habaki alivyokuwa. Besi iliyomkera mwanzoni huzoeleka, ikawa ndiyo kipimo chake, na spika isiyo na kasoro hiyo ikimfikia anaiona pungufu.

Mwaka 1988 mwanafalsafa wa Marekani Daniel Dennett alitunga kisa cha waonjaji wawili wa kahawa, Chase na Sanborn, ambao baada ya miaka kazini hawaifurahii tena kahawa ya kampuni yao. Chase anashikilia kwamba ladha ni ileile, ila yeye siku hizi haipendi. Sanborn anasema anachokipenda hakijabadilika, ila ulimi wake hauipati tena ladha ya zamani. Nani yuko sahihi? Kwa kujichunguza nafsi tu, hakuna hata mmoja awezaye kuamua. Shahidi pekee wa ladha ya jana ni kumbukumbu, na hiyo nayo huenda imegeuka.

Mwenye spika yuko palepale, tena ana mzigo wa pili: matarajio.

Kuanzia 1915 kampuni ya Thomas Edison iliandaa maonyesho ambapo mwimbaji alisimama kando ya santuri, akaimba nayo, kisha akanyamaza huku mashine ikiendelea. Nyakati nyingine taa zilizimwa. Wengi walikiri kushindwa kutofautisha, ingawa mashine ile haikutumia umeme na ilitoa sehemu ndogo tu ya sauti ambazo sikio husikia. Anna Case, mmoja wa waimbaji hao, alieleza baadaye kwamba alikuwa akiipunguza sauti yake ilingane na ya mashine. Hadhira nayo ilikuja ikijua inachotakiwa kustaajabia.

Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwapa wafanyakazi 40 wa kampuni ya spika ya Harman spika nne wazipe alama, mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Zilipoonekana, baadhi ya zile kubwa za gharama zilipanda na ndogo ya bei nafuu ikashuka. Hata wasikilizaji wazoefu hawakusalimika.

Je, raha ya anayeziona spika zake ni ya uongo? Hapana, anaihisi kweli. Kosa huanza anapoigeuza kuwa habari za spika na kumshauri jirani atoe fedha. Anayetaka kujua kilicholainika anunue jozi mbili za aina moja, moja aipige mwezi mzima na nyingine aiache katika boksi lake, kisha mtu mwingine azibadilishe nyuma ya pazia bila kumwambia ipi ni ipi. Wauzaji wachache humshauri mteja afanye hivyo.