Deni la Aliyeruhusiwa

Katikati ya mwezi wa saba, mwaka juzi, dada yangu anayeishi Marekani alinitumia picha ya barua. Ilikuwa ya mwanawe, mpwa wangu, aliyekuwa ameingia katika chuo kimoja cha kijeshi cha huko wiki tatu kabla. Kuruta hakai na simu yake wakati wa mafunzo, kwa hiyo habari zake zilitufikia kwa karatasi, kama zamani. Baada ya shikamoo na kumuulizia bibi yake, aliniandikia swali moja: "Mjomba, je, mimi ni mwizi?"

Ili msomaji aelewe swali hilo, nieleze kwanza vyuo hivi. West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson, na wenzake wa jeshi la maji na la anga, humfanya kijana kuwa mwanafunzi wa shahada na mwanajeshi kwa wakati mmoja. Kabla ya masomo, kijana hupitia mafunzo ya awali. Kwa West Point ni kama wiki sita za kwata, shabaha, safari ndefu za miguu zenye mzigo mgongoni, na ukaguzi wa vitanda na buti. Papo hapo, vyuo hivyo hushindana na vyuo vikuu vingine vya Marekani katika michezo, na michezo mingine msimu wake huanza wakati vumbi la mafunzo halijatua.

Mpwa wangu ni mkimbiaji wa mbio za nyika. Kila alasiri, yeye na wachache wengine waliitwa kutoka kwenye kwata wakaenda kwa kocha. Wenzao walibaki juani. Jioni moja alirudi akakuta kitanda chake kimetandikwa na buti zake zinang'aa. Mwenzake wa chumbani alikuwa amemfanyia, kwa upendo tu, maana alijua hatapata muda. Lakini ukaguzi ulipofika, vifaa vya mwenzake huyo ndivyo vilivyokutwa na kasoro. Akaadhibiwa, akapoteza saa zake za mapumziko ya Jumapili.

Kanuni ya heshima ya vyuo hivi humkataza kadeti uongo, udanganyifu na wizi. Mpwa wangu alikuwa ameikariri wiki hiyo hiyo. Ndipo alipojiuliza kama muda wa mwenzake alikuwa ameuiba.

Nakiri kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka. Mimi ni mzee wa kanisa, na nilipita JKT mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo nilijiona ninajua Biblia na ninajua ukuruta. Nilimwandikia kwamba Bwana alikwisha kusema katika Mathayo 6 kuwa mtu hawezi kutumikia mabwana wawili, basi achague moja: buti au mbio. Nilipoisoma barua yangu kabla ya kuituma, niliona aibu. Bwana alikuwa akisema juu ya Mungu na mali. Hakuwa akisema juu ya kijana mwenye kazi mbili halali, tena zote mbili amepewa na wakubwa wake. Mama anayelea watoto na kufundisha shule hana mabwana wawili. Ana siku fupi.

Nikarudi kwa Mtume Paulo. Katika barua yake ya pili kwa Timotheo, mlango wa 2, anamwekea kijana huyo mifano mitatu kwa mfululizo: askari asiyejifunga na mambo ya nje ya utumishi wake, mwanamichezo asiyepata taji bila kufuata kanuni, na mkulima mwenye kutaabika. Mara nyingi tunahubiri mfano wa askari peke yake. Lakini Paulo aliiandika yote mitatu kwa mtu mmoja. Aliona kwamba utii wa askari na bidii ya mwanamichezo vinaweza kukaa katika moyo mmoja, mradi moyo huo uwe na Bwana mmoja.

Hapo tatizo la muda linapungua, lakini deni linabaki. Mpwa wangu hakuvunja kanuni. Aliruhusiwa. Je, ruhusa inamaliza kila kitu? Wengi wetu tungesema ndiyo, tukalala usingizi. Mimi naona kwamba ruhusa humwondolea mtu hatia bila kumwondolea deni. Mzigo ulioachiliwa kwako haukupotea hewani. Kuna mtu ameubeba.

Kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 30, kinasimulia Daudi akiwafuatia Waamaleki waliouteketeza Siklagi. Walikuwa watu 600. Walipofika kijito cha Besori, 200 walikuwa wamechoka mno, wakabaki kutunza vyombo. Wale 400 waliposhinda na kurudi, baadhi yao walitaka wale waliobaki wasipewe nyara. Daudi alikataa. Aliamua kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa penye vyombo liwe sawa, na uamuzi huo ukawa sheria katika Israeli.

Tumezoea kuisoma habari hii kwa upande wa waliobaki, ili tuwafariji. Isomeni pia kwa upande wa walioenda. Kama fungu ni sawa, basi medali ya mkimbiaji ni ya aliyeng'arisha buti. Na kama medali ni ya wote, adhabu ya Jumapili nayo haiwezi kuwa ya mmoja.

Wako wanamichezo wa vyuo hivi waliolilipa deni lao hadharani. Roger Staubach wa chuo cha jeshi la maji alishinda tuzo ya Heisman, kubwa kuliko zote katika mpira wa vyuo vya Marekani, mwaka 1963. Alihitimu mwaka 1965, akatumikia jeshi, pamoja na kipindi cha Vietnam akiwa ofisa wa ugavi, na alianza kuichezea Dallas Cowboys mwaka 1969 tu, akiwa na miaka 27. David Robinson wa chuo hicho hicho alikuwa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa na timu za kikapu za kulipwa mwaka 1987. Alivaa sare miaka miwili kwanza, akaanza kucheza mwaka 1989. Nchi ilikuwa imewabeba wakasoma na wakacheza, nao wakatumikia kwanza.

Deni la mpwa wangu lilikuwa dogo zaidi, na kwa hiyo rahisi kulisahau. Niliichana barua ya kwanza nikaandika ya pili. Nilimwambia: wewe si mwizi, lakini unadaiwa. Usiache mbio, kwa maana hazikuwa zako peke yako za kuacha. Mwambie mwenzako ukweli wa unachokijua, na utafute kitu anachokihitaji ambacho wewe unaweza kukibeba.

Jibu lilikuja baada ya majuma mawili. Alikuwa amemwendea mkufunzi wao akasema buti zile hakuzing'arisha yeye. Akapewa adhabu yake. Kisha akaomba lindo la usiku la mwenzake, lile la saa nane, ambalo hakuna anayelipenda, akalishika hadi mwisho wa mafunzo. Kesho yake alikimbia akiwa amechoka, na kocha alimgombeza. Hakuwa na neno la kujitetea, wala sikuona katika barua yake kwamba alilitafuta.

Wapendwa, katika makanisa yetu tumo wengi tulioruhusiwa. Tunaruhusiwa kwenda semina, kuimba kwenye mashindano ya kwaya, kusoma chuo cha Biblia, kusafiri kuhubiri. Ni kazi njema, na tusiziache. Lakini tunaporudi na kukuta watoto wamelala wameshiba, kanisa limefagiwa na mgonjwa amekwisha kutembelewa, tusiseme tu kwamba Mungu ametenda. Tuulize ni nani aliyebaki penye vyombo, tukashike lindo lake.