Mgonjwa Hachelewi Peke Yake

Wanangu mnaoanza kuingia wodini,

Mimi ni muuguzi mstaafu. Utumishi wangu niliumaliza kati ya wodi ya wanawake na chumba cha uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Habari za seli na jeni waachieni walimu wenu. Mimi nina neno moja, nalo linahusu usemi mtakaousikia mapema sana mkipita raundi: "Huyu naye amechelewa kuja." Utasemwa kando ya kitanda, utaandikwa kwenye faili, na pengine mkubwa mmoja ataongeza kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Msiukubali kabla hamjamuuliza mgonjwa mwenyewe: "Mama, mara ya kwanza ulimwonyesha nani?"

Mkiuliza hivyo mtagundua kwamba wengi hawakuficha kitu. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa alikwenda zahanati, akaandikiwa dawa za fangasi bila hata kupandishwa kitandani achunguzwe. Mvuvi anayekojoa damu ametibiwa UTI mara kwa mara, wala hakuna aliyemuuliza kama alikulia kwenye maji yenye kichocho, ilhali kichocho cha kibofu kikikaa miaka mingi kinaweza kuzaa saratani. Mzee ambaye ugali haushuki mpaka ausukume kwa maji amemeza dawa za vidonda vya tumbo hadi amekonda. Mama anayenyonyesha ameambiwa uvimbe wa titi ni maziwa yameganda. Mtoto aliyevimba taya ameng'olewa jino. Watu hawa walibisha hodi, tena zaidi ya mara moja. Sisi tuliokuwa ndani ndio hatukufungua.

Basi jambo la kwanza ni kuchunguza kwa macho na mikono. Vazi livuliwe kwa heshima, pazia livutwe, na kama wewe ni mwanamume, muuguzi wa kike awepo. Uvimbe wa titi ambao haukuondoka kwa dozi moja ya antibiotiki hauhitaji dozi ya pili, unahitaji kupimwa kinyama. Asiyeweza kumeza chakula kigumu aangaliwe koo la chakula kwa mpira wa kamera. Na mzazi akikwambia kwamba jicho la mwanawe linang'aa jeupe kwenye picha za simu, usimtoe wasiwasi. Mtazame mtoto siku hiyohiyo na umpe rufaa, kwa maana saratani ya jicho ikiwahiwa huwa inapona.

Msidhani kuuliza ni kazi ya wasio na mashine. Mwaka 1957, pale hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe kwenye taya. Hakuishia kwenye kukata. Aliuliza hospitali nyingine kama zimeona watoto wa namna hiyo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu wakazunguka Afrika Mashariki na ya Kati wakionyesha picha na kuchora ramani. Ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa unafuata nyanda za joto na mvua, kule ambako malaria imetawala. Mwaka 1964 wanasayansi wa London, Epstein, Achong na Barr, wakakiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina la Burkitt, nao ni miongoni mwa saratani za watoto zinazoitikia dawa vizuri zaidi. Lakini mtoto hana muda, maana uvimbe wake hukua kwa siku. Kila wiki anayokaa akisubiri kung'olewa jino ni wiki aliyoibiwa.

Pili, kinyama. Mkishakikata, kazi yenu haijaisha. Kitieni kwenye fomalini ya kutosha, andikeni jina, umri na mahali kilipotolewa, kisha mfuatilie majibu. Kinyama kisicho na jina, au kilicholala kabatini kwa kukosa wa kukipeleka maabara, ni sawa na kumpasua mtu bure. Chukueni namba ya simu ya mgonjwa na ya jirani yake. Majibu yakitoka, mpigieni.

Tatu, kinga. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote huletwa na kirusi cha papiloma, HPV, na kirusi hicho kina chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mzazi akisema chanjo inafunga kizazi, usimcheke. Mweleze kwamba kinachowaondolea wanawake mfuko wa uzazi ni saratani yenyewe, na chanjo inakuja kuuzuia msiba huo. Kwa waliokwisha kuwa watu wazima, kipimo kipo: siki ya asilimia 3 hadi 5, mwanga mzuri, na kusubiri dakika moja. Sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe, na ikifaa hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Anayeishi na VVU hatari yake ya kupata saratani hii ni karibu mara sita ya mwanamke asiye na VVU, kwa hiyo asitoke kliniki ya CTC bila kuulizwa lini alipimwa.

Mengine yafundisheni palepale mgonjwa alipo, bila kusubiri siku ya maadhimisho. Mwenye ghala aambiwe mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, na sumukuvu huharibu ini. Mama wa mtoto mchanga ajue kuwa chanjo ya pentavalenti inamkinga mwanawe na homa ya ini aina ya B. Mtu mwenye ualbino akija na malaria, mtazameni na ngozi. Mwambieni habari za kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, ambayo hata Moshi yanatengenezwa.

Nne, matunzo. Kumwandikia mtu rufaa kwenda hospitali ya Ocean Road, Bugando au KCMC ni dakika chache, lakini yeye anakwenda kuuza mbuzi. Mionzi ya mlango wa kizazi huchukua wiki tano au zaidi, siku tano kila wiki. Anayetoka Mpanda atalala wapi? Nani atabaki na watoto? Akiishiwa nauli akarudi kwao, faili litasema ametoroka tiba. Ulizeni mapema, mwiteni ofisa ustawi wa jamii, zungumzeni na mume au kaka. Ndugu wakiwaomba mgonjwa asiambiwe, muulizeni yeye kwanza angependa kujua nini, nanyi mjibu hicho kwa ukweli. Anayekunywa dawa za miti shamba msimfokee, la sivyo ataendelea kunywa kwa siri.

Na ugonjwa ukishapita uwezo wa tiba, msiseme hakuna la kufanya. Maumivu yana dawa. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Inafunga choo, kwa hiyo mpeni na dawa ya kulainisha. Uganda, ambako Hospice Africa ilianza mwaka 1993, iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika tangu 2004, na mgonjwa wa kijijini akaweza kupata usingizi. Mtu anayekufa bila kulia kwa maumivu ametibiwa.

Nawaachia kazi. Siku ya kwanza mkipangiwa kituo, hakikisheni kuna siki na taa, fomalini na vichupa, mofini na mtu anayejua kuitoa, na namba ya simu ya anayepokea rufaa zenu. Kikikosekana kimoja, kidaini kwa maandishi kwa mganga mkuu wa wilaya, kisha mdai tena. Na akija mgonjwa ambaye ugonjwa umekwisha kuenea, acheni kuandika kwamba amechelewa. Andikeni kote alikopita, tarehe kwa tarehe, na alichoambiwa. Faili la namna hiyo ndilo litakalotuonyesha pa kurekebisha.