Jirani Asiye na Kosa

Soma Warumi 12:17–21.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Wenyeji waliwapokea. Kisha miti ilikatwa kuwa kuni, na mazao yakaibwa mashambani.

Mkulima aliyeibiwa afanye nini? Wengi hudhani kwamba upendo humtaka anyamaze. Lakini Paulo hauiti uovu wema. Anachokataza ni kulipa kisasi. Mkulima aweza kupeleka shauri lake kwa viongozi, na jioni hiyo hiyo akampa maji mama mkimbizi mwenye mtoto mgonjwa, asimwulize ni nani aliyeng'oa mihogo. Aliyeiba ni mtu mmoja. Chuki huwahesabu wote kuwa wezi. Ndivyo amani inavyovunjika hata kati ya jamaa mbili za Kanazi zinazopakana mashamba: mbuzi wa kaka amekula maharage, na dada yake hasalimiwi tena kisimani.

Paulo anaongeza jambo la faraja, ambalo husahauliwa: kila mtu anadaiwa sehemu yake tu ya amani, si ya mwenzake.

Je, yuko jirani unayemdai kosa la ndugu yake? Utamsalimu lini?