CHANJO YA MTOTO NI KATIKA NAFAQA YAKE

Alhamdulillahi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, katika darsa yetu liliulizwa suali hili: Je, yampasa baba kutoa mali kwa chanjo ya maradhi yaletwayo na maji machafu, kama kipindupindu na homa ya matumbo, hali watoto wake ni wazima? Muulizaji alisema, "Dawa hununuliwa mgonjwa, huyu mzima namnunulia nini?"

Jawabu: Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa katika nafaqa ya mtoto mdogo asiye na mali yake mna ujira wa tabibu na thamani ya dawa. Basi ikiwa baba yampasa kulipa mtoto akiisha kulala kitandani, kumkinga asilale kwastahiki zaidi. Wala asiseme mtu kuwa kujikinga ni kupingana na kadari. Sayyidna Omar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham, akapata khabari ya tauni, akashauriana na masahaba, akarejea Madina. Ni nani katika sisi mwenye kutawakali kuliko Omar?

Sasa tutazame hali zetu. Mwaka 2009, watu wa baadhi ya vijiji na mitaa ya Unguja na Pemba walinyweshwa bure chanjo ya kipindupindu, mara mbili. Wataalamu walipopima waliona imezuia maradhi kwa kadiri ya 79 katika 100. Na hata wasiokunywa, waliokaa kati ya wengi waliokunywa, walipata hifadhi. Lakini kabla ya hapo watu waliulizwa kama wataikubali. Ikiwa ni bure, karibu wote walikubali. Ilipotajwa bei walipungua, na bei ilipozidi walizidi kupungua.

Khabari hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni la mwenye nacho. Twamwona akikopa ili harusi yake isemwe mjini. Na akifiwa na mtoto, masinia ya biriani hayahisabiki. Mali ya kumlilia mtoto imepatikana, ya kumlinda haikupatikana! Atajibu nini mbele ya Mola wake?

La pili ni la fukara. Huyu hafai kulaumiwa, kwani apatacho kwa kutwa hakitoshi chakula cha usiku. Lawama ni yetu sisi majirani, na matajiri wetu, na wasimamizi wa wakfu zetu. Amlipiaye mtoto wa fukara humkinga na wake mwenyewe, na thawabu zake ziko kwa Mungu.

Na kitolewacho bure kisikataliwe. Mwezi wa Julai 2025 Serikali ya Kenya ilitoa bure chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15, na wako katika sisi waliosita kwa sababu ya uvumi tu. Mwenye shaka na amuulize tabibu, asiulize baraza.

Mwisho, chanjo haisafishi kisima. Maji yachemshwe, mikono ioshwe, na shimo la choo lisichimbwe ubavuni mwa kisima. Dini iliyotufunza tohara kabla ya sala haikuturidhia kunywa uchafu.

Mwenyezi Mungu atuongoze, na awahifadhi watoto wetu. Amin.