Ukimaliza, Simama Tena: Adabu za Kusubiri Jibu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake wote.



Naandika haya nikiwa nyumbani Mpumudde, hapa Jinja, nikisubiri jibu. Wiki kumi na moja zilizopita nilipeleka mswada wa riwaya yangu kwa wakala wa waandishi aliye ng'ambo. Kwa asiyemfahamu wakala wa namna hii, kazi yake ni kusoma miswada, na akiupenda mmoja huutafutia mchapishaji. Malipo yake huyapata kitabu kikishanunuliwa, aghalabu asilimia 15 ya pato la mwandishi. Miswada inayomfikia ni mingi kuliko anayoweza kuichukua, kwa hiyo jibu laweza kukaa miezi. Wapo pia wanaotangaza mapema kwamba wakinyamaza, basi kimya chao ndiyo hapana.

Huenda wewe hujaandika kitabu. Lakini unasubiri barua ya ufadhili, au matokeo ya mtihani, au jibu la posa uliyopeleka kwa wazee wa watu. Sote tunaijua hali hiyo. Mtu anatoa salamu ya Alfajiri, na kabla ya uradi mkono unataka kwenda kwenye simu. Hapo jambo limeshaacha kuwa la kitabu au la posa. Limekuwa swali la moyo: umetundikwa kwa nani?

Katika Suratu Sharh, aya ya 7 na ya 8, Mwenyezi Mungu anamwelekeza Mtume wake (s.a.w.) kwamba akimaliza shughuli asimame kwa juhudi katika nyingine, na raghba yake aielekeze kwa Mola wake. Wafasiri wametofautiana ni shughuli ipi iliyokusudiwa: wapo waliosema ni swala ya faradhi kisha dua, wapo waliosema ni mambo ya dunia kisha ibada. Lakini mafundisho mawili yako wazi. La kwanza, kumaliza si ruhusa ya kukaa bure. La pili, matamanio yana pa kupelekwa, napo si kwa kiumbe. Naona aya hizi mbili zinamtosha kila aliyekwisha peleka kazi yake na sasa anasubiri.

Tuanze na hilo la pili. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha Sahaba istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Wengi wetu tunaiswali istikhara kana kwamba ni dua ya kupata tunachokitaka. Hebu izingatie maana yake. Mja anaomba kwamba jambo likiwa la kheri kwake katika dini yake, maisha yake na mwisho wake, akadiriwe na afanyiwe wepesi. Likiwa la shari, liepushwe naye, na yeye aepushwe nalo, kisha akadiriwe kheri popote ilipo na aridhishwe nayo. Kwa hiyo aliyeswali istikhara ameshaiomba "hapana" kwa ulimi wake mwenyewe, ikiwa hapana ndiyo kheri yake. Itakapomfikia, ataikasirikiaje dua yake iliyojibiwa?

Sisemi kwamba haitauma. Ya'qub (a.s.) alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na hakutoka katika subira, kwa sababu mashtaka yake aliyapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Machozi hayavunji subira. Kinachoivunja ni kuamini kwamba kiumbe aliyekataa ameifunga rizki yako.

Wala hukumu ya msomaji mmoja si hukumu ya mwisho. Dada yetu wa hapa Uganda, Jennifer Nansubuga Makumbi, riwaya yake ya Kintu ilikataliwa Uingereza, kwa hoja kwamba ni ya Kiafrika mno. Mwaka 2013 ikashinda tuzo ya miswada ya Kwani? ya Nairobi, na mwaka 2014 ikachapishwa. Leo inasomwa hata huko ilikokataliwa. Mlango mmoja ulifungwa, mwingine ukafunguka Nairobi, karibu na nyumbani kuliko ule wa kwanza.

Sasa turudi kwenye kusimama tena. Kitabu cha historia ya ukoo wa Mazrui wa Mombasa kiliandikwa kwa Kiarabu na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki mwaka 1947. Kilitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, miaka 48 baada ya kifo chake. Hakukiona kikiwa kitabu. Lakini mtu huyo huyo alikuwa ameanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akiwaandikia Waislamu wa pwani kwa lugha yao kuhusu elimu na mwenendo. Angekuwa mtu wa kuandika kitu kimoja kisha akae kungoja kishike, watu wa zama zake wangekosa mengi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba miongoni mwa yasiyokatika mtu akifa ni elimu inayonufaisha. Hakuweka sharti kwamba mwenyewe awe hai siku ya kunufaisha kwake.

Kuna adabu moja zaidi, nayo naiogopea vijana wenzangu. Ka'b bin Malik (r.a.) alikuwa mshairi, mtu wa kalamu na ulimi. Alipobaki nyuma katika safari ya Tabuk, yeye na wenzake wawili waliwekwa wakisubiri hukumu kwa siku hamsini, na watu wakaamriwa wasizungumze nao. Kusubiri kwetu si adhabu kama kwake, ila mtihani uliomjia katikati ya siku zile unatuhusu. Ilimfikia barua kutoka kwa mfalme wa Ghassan: tumesikia bwana wako amekususa, njoo kwetu tukuliwaze. Ka'b aliiona kuwa ni sehemu ya mtihani, akaichoma katika tanuri. Akaendelea kuhudhuria swala ya jamaa, na kutembea sokoni japo hakuna aliyemjibu. Alfajiri ya siku ya hamsini, akiwa juu ya dari ya nyumba yake, akasikia mpiga mbiu kutoka mlima Sal'. Akaanguka kusujudu.

Barua ya Ghassan bado inaandikwa. Kwa mwandishi mchanga huja kutoka kwa anayejiita wakala, anayeusifu mswada siku ya pili tu, kisha anadai ada ya kuusoma. Wakala wa kweli hula na mwandishi, hamli mwandishi. Au huja kwa anayekutaka uidhihaki dini yako ili kitabu kiuzike. Kwa mwenye kutafuta kazi huja kama rushwa ya kuharakisha faili. Uchovu wa kungoja ndio unaoifanya barua hiyo ing'ae. Ichome.

Nimalizie na mtaa huu ninaoandikia. Omukama Kabalega wa Bunyoro alikamatwa mwaka 1899 akapelekwa uhamishoni Shelisheli. Akangoja zaidi ya miaka ishirini hadi alipokubaliwa kurudi. Ruhusa ilipatikana, safari ikaanza, na tarehe 6 Aprili 1923 akafariki hapa Mpumudde, kabla ya kufika Bunyoro. Kwa Kiganda neno mpumudde ni "nimepumzika". Jibu alilolingoja kwa wanadamu alilipata, na bado halikumfikisha nyumbani. Hata "ndiyo" ya wanadamu ina mpaka wake.

Basi ndugu yangu, dada yangu, peleka kazi yako ikiwa nzuri kadiri ya uwezo wako. Swali istikhara. Kisha fungua daftari jipya, na raghba yako ipeleke kwa Mola wako. Mimi nimeanza sura ya kwanza ya kitabu cha pili.

Ewe Mola wetu, tukadirie kheri popote ilipo, na uturidhishe nayo. Usiifanye mioyo yetu ikategemea mikono ya viumbe. Amin.

Wabillahi tawfiq.